Zamu ya Lindo

Jumamosi, umeme ukikatika Nkuhungu,
tulitandika kalenda ya mwaka jana kwenye zulia la Ndahani,
mgongo juu, na kuchora dunia:
hapa kinamasi cha Bahi, maji yamegeuka sumu,
hapa jabali lenye mlango, kule Kolo,
na wino mwekundu ndiyo njia.
Dadu tulizichomoa kwenye ludo ya mdogo wake.
Mshumaa shingoni mwa chupa ya mvinyo.

Mimi nilikuwa askari, ngao ya ngozi ya nyati.
Yohana Malogo, mganga wa mizizi.
Ndahani msimulizi, mwenye sauti ya upepo na ya fisi.
Sechelela akasema: mimi ni mjukuu wa jini.
Babu mzaa mama alitoka kisimani, akaoa,
akarudi kisimani.
Akaandika kwenye karatasi yake: macho, mekundu.
Kivuli, kinachelewa hatua moja.

Tukacheka. Haya, akasema Ndahani, ishini naye.

Nikaishi naye kama askari yule angeishi naye.
Nilimfunga njuga mguuni, tumsikie akinyanyuka usiku.
Nilitaka maji ya mtungi aonje yeye kwanza.
Alipomvuta Yohana kutoka kwenye tope la Bahi
niliuliza, nani alijua kwamba pale pana tope?
Akifaulu, jini kamsaidia.
Akishindwa, jini kamtuma.
Dadu ikisema sita, ushahidi. Ikisema moja, ushahidi.

Nilicheza vizuri. Yohana alinipigia makofi.
Hata Sechelela, zile jioni za mwanzo,
alitikisa mguu mtupu akiigiza njuga kwa ulimi.

Jumamosi ya sita alikuja na karanga
za kukaanga, bado moto, kwenye gazeti.
Akaziweka katikati yetu.
Yohana akachota. Ndahani akachota.
Mkono wangu ukasimama juu ya karanga.

Mchezo ulikuwa haujaanza.
Umeme ulikuwepo, taa inaona kila kitu.
Naye aliuona mkono.

Hakukasirika. Alipuliza maganda kiganjani,
akasema, kama mtu anayetaja bei ya nyanya:
"Bibi yangu, kule Mvumi, alikuwa na macho mekundu.
Miaka sabini ya kupuliza kuni mbichi.
Majirani walianza kwa kutokula karanga zake."

Halafu? akauliza Yohana.

"Halafu tukahamia mjini."

Upepo wa Agosti ukamwaga mchanga juu ya bati.
Nilikula karanga. Nilikula nyingi mno,
haraka, kama mtu anayelipa deni kwa sarafu,
na hakuna aliyenihesabia.

Ndahani, asiyejua pa kuweka macho,
aliinuka akazima taa mwenyewe, akawasha mshumaa,
sauti ya usimulizi ikamkwaruza kooni:
Usiku umeingia. Mko chini ya jabali la Kolo.
Fisi wako karibu. Nani analinda zamu ya kwanza?

Siku zote nilisema, mimi,
na mkuki wangu umeelekea alipolala yeye.
Safari hii dadu zilinitoka jasho kiganjani.
Nilimtafuta askari wangu, angejibu nini.
Alikuwa ameshaondoka,
kaniachia sauti yake tu.

"Alinde mjukuu wa jini," nikasema. "Sisi tulale."
"Na njuga?" Ndahani akauliza, maana kanuni ni kanuni.
"Askari anapiga magoti. Anaifungua."

"Rusha," akasema Sechelela. Hakutabasamu.
"Fundo ni la wiki tano. Tuone kama linafunguka."

Nikarusha.
Moja ikatulia kwenye tatu.
Ya pili ikabingirika, ikavuka Bahi, ikavuka Kolo,
ikatoka nje ya dunia, ikaingia chini ya kabati.
Tukainama wote wanne na mshumaa,
mashavu sakafuni, vumbi puani,
vivuli vyetu vikapanda ukutani,
na chake,
Mungu anisamehe,
nilikiangalia.